Risala ya Kikundi cha Mpakani Video Kuhusu Kamera Iliyotoka Nchini Kinyumenyume

Mgeni rasmi, Bi. Jacinter Oyoo, tunakuomba usogeze kiti chako kidogo upande wa kushoto kwako, mpaka kivuli cha nguzo ya hema kikutoke usoni. Kidogo tena. Hapo hapo. Asante. Maneno hayo tuliyaandika jana, wakati kama huu, baada ya kupima jua, na tunatumaini kwamba tangu hapo hakuna aliyeihamisha nguzo.

Anayekusomea ni Sharlyne, katibu wa kikundi. Anayekurekodi, yule aliyesimama juu ya kreti ya soda, ni mwenzetu Josiah Okwi. Simu anayotumia si yake. Ni ya Mama Beldina Onyuka, muuza mabeseni na sabuni, aliyeketi mstari wa mbele. Ikilia, tunakuomba uendelee kutabasamu mpaka inyamaze. Tulimsihi Mama Beldina aizime milio kwa muda wa sherehe, naye akatujibu, "Nyinyi mnatangaza biashara yangu ama mnaifunga?" Tuliona ana haki.

Mwenyekiti wa Jukwaa la Biashara Mpakani, ambaye ndiwe mgeni wetu, wachungaji na mapadri, wazee, akina mama wafanyabiashara, madereva mlioacha malori kwenye foleni mkaja kwa sababu foleni haisogei: hamjambo.

KUKUKARIBISHA

Tunakukaribisha Malaba kwa mikono miwili. Tunajua siku yako ina shughuli nyingi, na tunajua barua yetu ilikuambia kwamba unakuja kuzindua video. Barua ilisema kwamba ukishakata utepe, kitambaa kile kikubwa nyuma yako kitaonyesha picha za akina mama wa Malaba wakiwa kazini, ili wanunuzi wa Kisumu, Eldoret na Mbale wajue ni nani anauza nini na anapatikana wapi.

Ukigeuka utaona kwamba kitambaa ni cheupe. Ukikata utepe kitaendelea kuwa cheupe. Tunaomba radhi kwa hilo, hasa kwa watu waliotoka Funyula na Bukhayo wakiwa wamevaa kana kwamba ni Krismasi. Hatukukuita kukudanganya. Barua ilipotoka, video ilikuwa imebakiza kipande kimoja tu. Kipande hicho kimerekodiwa, tena kimerekodiwa vizuri. Kiko ndani ya kamera. Tatizo ni mahali ilipo kamera.

Lakini hatutaki kuanzia hapo. Mtu akianza kwa shida, msikilizaji hudhani hajawahi kuwa na jema.

TULIKOTOKA

Mwenzetu Okwi alikuwa fundi wa simu pale karibu na stendi. Hakufundishwa video na mtu. Alikuwa akitengeneza kioo cha simu, halafu, ili ajue kama kimepona, anatazama matangazo ya biashara. Akagundua kwamba tangazo zuri linaeleweka hata sauti ikizimwa. Akaanza kuyatazama yote bila sauti, kisha anayasikiliza akiwa amefumba macho, kisha anayatazama tena kama watu wengine. Wateja walimkuta amefumba macho na simu zao mikononi mwake, wakadhani anaziombea.

Baadaye akaanza kurekodi mazishi, kwa sababu mazishi hayakosekani. Katika mazishi ya Mzee mmoja kule upande wa Bukhayo, muuza mabati aitwaye Echodu alitazama kazi ya Okwi mpaka mwisho, halafu akasema, "Kijana, huyu marehemu ametoka vizuri kuliko vile alikuwa. Na mimi nitoe hivyo. Lakini nikiwa hai, na mabati ikiwa nyuma."

Hapo ndipo biashara ilipoanza. Tangazo la Mzee Echodu lilionyesha mabati, mvua, na familia moja iliyokaa kavu chini yake ikinywa chai. Mvua ilikuwa ndoo za maji zilizomwagwa na Quinton Ogweno kutoka juu ya ngazi. Chai ilikuwa chai.

Quinton ni mwenzetu wa pili, nasi wengine tukafuata: mhariri, mtu wa sauti, mtu wa taa, na katibu. Wengine tuko Malaba, wengine Busia mjini. Hakuna aliyekuja na cheti. Kila mmoja alikuja na kitu alichokwisha kukiharibu mara kadhaa, akajua sasa hakiharibiki tena.

Kuna utaratibu mmoja wa kazi yetu tunaoomba uuelewe, kwa sababu yote yatakayofuata yanauhusu. Mfanyabiashara aliyesimama mbele ya kamera hukauka. Ananyoosha mikono, anabana midomo, anakuwa kama anapigwa picha ya kitambulisho. Ukimwambia atembee, anakuwa mtu tena. Basi sisi humtembeza. Naye anapotembea mbele, mpiga picha hutembea kinyumenyume akimtazama ndani ya kamera, bila kuona anakoelekea. Mara ya kwanza Okwi aliingia kwenye karai la maharagwe ya mama mmoja. Mara ya pili aliketi juu ya mbuzi.

Tukaamua kwamba nyuma yake awe na mtu wa kumshika mshipi wa suruali na kumwongoza. Kazi hiyo ikapewa Quinton, aliye mtulivu na mwenye mkono mzito. Akivuta mshipi kushoto, Okwi anaenda kushoto. Akivuta kulia, kulia. Akivuta kwa nguvu, Okwi anasimama. Mshipi ukilegea, maana yake ni kwamba njia iko wazi, endelea. Waliufanya utaratibu huo mpaka watu wakawazoea. Okwi hakugusa tena mbuzi wa mtu.

TULIYOFANIKIWA

Mgeni rasmi, hatupendi kujisifu, lakini risala isiyo na sehemu hii huonekana imechanika. Tutataja mawili.

La kwanza ni loji ya Bi. Vivianne, ile ya geti la kijani. Aliomba tuonyeshe usafi wa vitanda. Tulifika asubuhi tukakuta vyumba vyote vimetandikwa isipokuwa kimoja, na hicho kimoja ndicho kilikuwa na mwanga mzuri wa dirishani. Ndani alilala dereva wa lori, amejinyoosha, anakoroma. Tulimwamsha kumwomba ruhusa. Akasema bila kufungua macho, "Rekodi, boss, lakini usiniamshe tena." Tukarekodi kitanda, shuka, neti, na dereva. Tangazo likazunguka kwenye makundi ya WhatsApp mpaka likafika Mariakani, kwa mke wa yule dereva. Alimpigia simu.

"Nimekuona," mke akamwambia.

"Umeniona wapi?"

"Kwa tangazo. Umelala peke yako, kama mtoto. Kuanzia leo ukifika Malaba unalala hapo tu. Nimewaambia na wenzangu."

Sasa Bi. Vivianne hupigiwa simu na wake wa madereva kutoka barabara yote mpaka Mombasa, wakimwachia maagizo. Ameongeza jengo. Tunamshukuru dereva yule, ambaye leo yumo humu ndani na ameomba tusimtaje jina.

La pili lilitufundisha zaidi. Mzee Amollo wa Funyula huuza dawa za mifugo. Alitaka tangazo fupi, la nusu dakika, aseme dawa ya minyoo ya ng'ombe imefika. Tulimweka mbele ya duka, Okwi akahesabu kwa vidole, Mzee akaanza. Alianza kwa kuwasalimu watu wa Funyula. Akasalimu watu wa Nangina. Akauliza hali ya wagonjwa. Akampa pole mama aliyeunguzwa na jiko. Nusu dakika ikaisha ng'ombe hajatajwa.

"Mzee, tuseme dawa kwanza," Okwi akamwambia kwa upole.

"Nitaingia aje kwa boma ya mtu nianze na minyoo?" Mzee akauliza. "Hata wewe, nikikupata nyumbani nikuulize minyoo kabla ya watoto, utanifungulia?"

Tulirudia mpaka jua likageuka. Okwi alikaa kwenye gunia akafikiri. Yeye si mwepesi wa kusema mtu amekosea. Akaona kwamba labda Mzee yuko sawa, na kwamba nusu dakika ndiyo iliyokosea. Akaacha salamu zote zilivyo, na mwishoni akaweka picha ya chupa ya dawa bila neno lolote. Tangazo lilipotoka, waliosalimiwa walifurahi wakaenda dukani kushukuru. Wasiosalimiwa walikasirika wakaenda dukani kuuliza wamemkosea nini Mzee Amollo. Wote, walipokuwa pale, wakanunua dawa. Ng'ombe wa Funyula wana afya, na Mzee ameomba tangazo la pili la kuwasalimu waliobaki.

YALIYOTUKWAMISHA

Sasa tumefika mahali penyewe.

Kipande cha mwisho cha video ya akina mama kilikuwa cha Mama Beldina. Alikuwa avuke daraja kwenda upande wa Uganda, kama anavyovuka kila siku ya soko, akiwa na mnara wa mabeseni kichwani, mekundu, ya buluu na ya manjano, na jua la asubuhi likipita kwenye plastiki. Okwi aliwaza picha hiyo kwa muda mrefu. Aliichora kwenye pakiti ya unga. Tulipanga kwamba watatembea mpaka karibu na kizuizi cha upande wetu, aseme "kata", basi. Mama Beldina angeendelea na safari yake, sisi tungerudi kunywa chai.

Okwi alimpa Mama Beldina maagizo matatu: asitazame kamera, asiongee, na asisimame mpaka asikie neno "kata". Akamfanyia mazoezi nyuma ya choo cha soko mpaka akaelewa.

Asubuhi hiyo kila kitu kilikwenda sawa. Mama Beldina alitembea kama malkia. Okwi akatembea kinyumenyume mbele yake, jicho ndani ya kamera, na Quinton nyuma, ameshika mshipi, anatazama njia. Malori yalikuwa kimya. Vumbi lilikuwa limelala.

Hapo ndipo Mama Akwii alipotokea upande wa pili wa daraja, akirudi na mkungu wa ndizi.

Mama Akwii ni mama mkwe wa Quinton.

Mgeni rasmi, wewe ni mtu wa huku, hatuna haja ya kukueleza. Lakini kuna madereva hapa kutoka mbali. Huku kwetu, mwanamume na mama wa mke wake hawakutani uso kwa uso. Hawashikani mikono, hawaketi chumba kimoja, na wakiwa njia moja mmoja huihama. Ni heshima, wala si ugomvi. Quinton humpenda Mama Akwii sana, na kila sikukuu humpelekea sukari kupitia mtoto. Wateso, Waluo, Wasamia na Wakhayo wanaweza kubishana juu ya mambo mengi, lakini hilo wamekubaliana.

Sasa Quinton alikuwa katikati ya barabara, anatembea akitazama mbele, na mama mkwe anakuja moja kwa moja kwake. Hakufikiri. Aliachia mshipi akajitupa nyuma ya lori la saruji, akachuchumaa karibu na gurudumu, akafunika kichwa kwa koti. Tulimuuliza baadaye kwa nini hakuvuta mshipi kwanza. Akasema, "Angeniona nimeshika mwanaume mshipi, ningesema nini kwa hiyo familia?" Hatumlaumu. Kila mmoja wetu alijiuliza angefanya nini.

Okwi alisikia mshipi umelegea. Na mshipi ukilegea, njia iko wazi. Akaendelea.

Alituambia kwamba hizo ndizo hatua tamu kuliko zote alizowahi kutembea. Jua lilikuwa limeingia ndani ya mabeseni. Uso wa Mama Beldina ulikuwa umetulia kabisa. Okwi alikuwa akisubiri Quinton avute kwa nguvu ili aseme "kata", na mkono haukuvuta, naye akamshukuru Quinton moyoni kwa kumwachia nafasi. Akapita kizuizi chetu kinyumenyume. Akapita daraja kinyumenyume. Mama Akwii akampisha pembeni, akamtazama akipita, akamwombea. Mama Beldina aliona yote. Aliona kizuizi, aliona mto, aliona bendera imebadilika. Hakusema neno.

"Uliniambia nisiongee," alitujibu baadaye. "Na mimi nikipewa kazi nafanya."

Okwi alishtuka aliposikia sauti nyuma ya shingo yake.

"Ssebo, ogenda wa?" Yaani, bwana, unakwenda wapi?

Alikuwa bado ndani ya kamera. "Niko kazini," akajibu.

"Kazini wapi?"

"Malaba."

"Malaba ipi, ssebo?"

Malaba ziko mbili, moja kila upande wa mto, basi hapo akatoa jicho kwenye kamera. Akatazama nyuma, ambako kumbe ndiko mbele, akaona amesimama karibu na dawati la nchi nyingine, na ofisa mmoja mwenye miwani anamtazama kwa huruma. Akasema "kata", na Mama Beldina akapumua, akawasalimu wote, akaenda zake sokoni.

Watu wa upande ule walimwelewa. Walicheka, wakampa maji, wakamwambia, "Rudi tu, lakini safari hii tazama unakokwenda." Naye akarudi akitazama mbele, kama mtu mwenye adabu, kamera mkononi. Na hilo, mgeni rasmi, ndilo lilikuwa kosa letu kubwa. Maana kwenye dawati la upande huu alionekana kama mtu yeyote anayeingia nchini na kamera.

"Boss, hiyo kamera umenunua upande gani?" ofisa akamuuliza.

"Sijanunua. Nilitoka nayo."

"Uliiandikisha ukitoka?"

"Sikujua natoka."

Ofisa aliweka kalamu chini. Akamwita askari wa kizuizi, amuulize kama aliona huyu mtu akitoka. Askari ni mtu mwaminifu. Alimtazama Okwi akasema, "Nilimwona asubuhi. Lakini uso wake ulikuwa unanitazama, nikajua anaingia."

Basi kwa kumbukumbu za upande wetu, mwenzetu Okwi siku hiyo aliingia Kenya mara mbili na hakutoka hata mara moja.

Hatuilaumu ofisi. Ofisa alikuwa na adabu, na kazi yake ni kulinda wafanyabiashara kama sisi dhidi ya mali inayopenya bila kodi. Alisema anahitaji ushahidi kwamba kamera ilitoka hapa kabla ya kuingia.

"Ushahidi uko," Okwi akasema. "Uko ndani ya kamera. Ukiifungua utaona inatoka."

"Mzigo ulioshikwa haufunguliwi bila idhini."

"Idhini inapatikana aje?"

"Ukileta ushahidi."

Okwi alituambia aliona kwamba ofisa mwenyewe ameusikia ugumu wa maneno yake, lakini hakuwa na mengine. Kamera ikapelekwa stoo. Ijumaa hii vitu vya stoo visivyo na mwenyewe vinapigwa mnada.

Ofisa alitupa njia moja. Alisema tulete mashahidi wawili: mmoja aliyeiona kamera upande huu kabla haijavuka, na mmoja aliyeiona upande ule. Waje pamoja, wakae meza moja, wasimulie mmoja akimsikia mwingine, watie sahihi.

Tulianza na Mama Beldina, kwa sababu alikuwa pande zote mbili. Lakini yeye ni mama wa kanisa, hatii sahihi jambo asilolijua. "Niliambiwa nisitazame kamera," akamwambia ofisa, "na sikuitazama. Kama ilikuwa kamera ama ilikuwa redio, mimi siwezi apa."

Maofisa wa upande ule hawatii sahihi karatasi za nchi nyingine, na sisi wengine asubuhi ile tulikuwa tumetangulia kwenye chai. Wakabaki wawili tu. Upande huu, aliyeiona ni Quinton. Upande ule, aliyeiona ni Mama Akwii.

Utakuwa umekwisha kuelewa.

Tulijaribu. Siku ya kwanza tulimweka Quinton ofisini mapema, tukampa mwavuli aufungue mama mkwe akifika. Mama Akwii alifika mlangoni, akaviona viatu chini ya mwavuli, akavitambua, kwa maana ni yeye aliyevichagua siku ya posa. Akajifunika leso uso mzima, akageuka, akagonga mwimo wa mlango, akaomba msamaha kwa mlango, akaondoka. Siku ya pili tukamtanguliza Mama Akwii. Quinton alifika mpaka kwenye ngazi. Akasikia mama mkwe anakohoa. Alipotea mpaka jioni.

"Mashahidi wako wapi?" ofisa aliuliza.

"Mmoja amejifunika," Okwi akasema, "na mwingine amekimbia."

Wazee wametuambia mwiko huo huondolewa kwa mlo wa familia mbili, na kwamba anayemwongoza kijana kwenda kwenye mlo huo ni mjomba wake. Mjomba wa Quinton ni dereva. Yuko njiani kwenda Juba. Alipopigiwa simu alisema barabara imekatika, na akauliza kama kamera haiwezi kungoja.

Mgeni rasmi, hata leo hii Mama Akwii ameketi pale mstari wa mbele, mwenye gauni la zambarau, na Quinton yuko nyuma ya hema analinda jenereta ambayo haina haja ya kulindwa.

Tunaomba pia umtazame Okwi, lakini usigeuze kichwa, kwa sababu mwanga utaharibika. Ile kamera hakuipata kwa urahisi. Alisubiri miaka, akatengeneza vioo vya simu za mji mzima, ndipo akaipata. Tangu ichukuliwe hajalalamika. Lakini tumeona mambo. Amekaa kibandani akiitazama ile pakiti ya unga yenye mchoro. Juzi muuza samaki alimwomba tangazo, naye akaenda, akamwambia asimame tu mahali pamoja. Mama wa watu akakauka kama kitambulisho. Okwi aliliona hilo, na hakumtembeza. Tangu ile asubuhi hajarudi nyuma hata hatua moja. Leo tumemwekea kreti ili asiwe na pa kwenda, kwa sababu alituomba hivyo. Jana alimwambia Quinton, bila hasira, kwamba labda arudie kazi ya simu peke yake, "maana simu inakuja yenyewe mpaka kwa meza."

Hilo ndilo linalotutisha, kuliko hata kitambaa cheupe. Kamera nyingine, tukikaza mwendo, huenda tukaipata siku moja. Mtu aliyeona kwamba Mzee Amollo yuko sawa, na kwamba nusu dakika ndiyo imekosea, huyo hatumpati popote.

TUNAYOOMBA

Katika rasimu ya kwanza tuliandika maombi mengi. Tuliomba studio, umeme usiokatika, na mafunzo nje ya nchi. Mama Beldina alisomewa rasimu hiyo akasema, "Mtu akiombwa vitu vingi anachagua kile rahisi. Mkimwomba studio, atawapa fulana." Tukafuta yote. Limebaki ombi moja.

Tulirudi kwa wazee wa pande mbili, wa kina Quinton na wa kina Mama Akwii. Tukawauliza: hakuna kabisa namna mtu na mama mkwe wake wanaweza kuwa katika chumba kimoja, mezani? Walifikiri sana. Chai iliingia na kutoka. Mwishowe mzee mmoja akasema kwamba ikiwa kati yao ameketi mgeni mkubwa, mtu mzima wa heshima, asiye wa ukoo wowote kati ya hizo mbili, basi hao wawili hawajaketi pamoja. Kila mmoja ameketi na mgeni. Atakachokisema anamwambia mgeni. Kama mwenzake atasikia, hiyo ni bahati ya masikio. Mzee wa upande wa pili akauliza, "Na asiwe mwembamba?" Wakakubaliana kwamba asiwe mwembamba.

Mgeni rasmi, tunakuambia haya kwa heshima kubwa.

Tulikwenda kwa ofisa, naye amekubali. Alisema sheria inataka mashahidi wawili na meza moja, haisemi lolote kuhusu ni nani aketi katikati. Alifurahi kuliko sisi. Ametuambia amechoka kuitazama kamera ile kila anapofungua stoo kuchukua kalamu.

Basi ombi letu ni hilo. Hatuombi kamera mpya, wala uipigie simu ofisi yoyote kutupendelea, wala sheria ipindwe. Tunaomba ulale Malaba usiku wa leo. Bi. Vivianne amekutengea chumba kile chenye mwanga mzuri, na ameahidi kwamba hatarekodiwa mtu. Kesho asubuhi ofisi ikifunguliwa, twende nawe. Quinton ataingia kwanza, akitazama ukutani. Wewe utafuata. Mama Akwii ataingia mwisho. Viti tumekwisha kuvipeleka leo asubuhi, na ofisa amevipanga mwenyewe. Viwili vina wenyewe. Cha katikati ndicho kina mikono na mto, na ndicho kilicho wazi.

Mungu akujalie usingizi mwema na moyo mwepesi. Awalinde madereva barabarani, hasa mmoja aliye njiani kwenda Juba. Awape akina mama wa pande zote mbili za mto wateja wanaorudi, na awape maofisa wetu subira, ambayo tumeona wanayo.

Tulikuwa na mengine ya kusema, pamoja na shairi. Lakini Okwi ananipungia mkono kutoka kwenye kreti, ishara kwamba simu ya Mama Beldina imejaa. Kwa hiyo uzinduzi haujaisha, na video haijaisha, na utepe tunaomba usiukate. Tumeufunga vizuri, utalala hapo hapo.

Na nyinyi wenzetu mliokaa, tafadhali msipige makofi. Tunajua mnataka. Yawekeni. Njooni nayo kesho asubuhi, msimame nje ya mlango wa ofisi mkiwa kimya, na mkiona Okwi anatoka na kamera mkononi ameiwasha, hapo ndipo mpige, tuyarekodi yakiwa mabichi.

Ni sisi wako,
Kikundi cha Mpakani Video,
Malaba na Busia.